Fungu la jamii katika umeme wa jua: barua ya wazi kwa Kamati za Nishati za Bunge

Kwa Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Nishati ya Bunge la Taifa na Kamati ya Nishati ya Seneti, Nairobi.

Waheshimiwa,

Katiba mliyoapa kuilinda inapoeleza maana ya rasilimali asilia, katika Kifungu cha 260, kitu cha kwanza inachokitaja ni mwanga wa jua. Maji yanafuata, kisha misitu, halafu miamba, madini na vyanzo vingine vya nishati. Kifungu cha 69 nacho kinaiagiza Serikali ihakikishe kwamba faida ya rasilimali hizo inagawanywa kwa haki. Sheria ya Madini ya 2016 ilitii agizo hilo: asilimia 70 ya mrabaha wa madini huenda kwa Serikali ya Taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Sheria ya Nishati ya 2019, katika Kifungu cha 85, ilifanya vivyo hivyo kwa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa Taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii. Jua, lililotangulia katika orodha ya Katiba, halikupewa fungu lolote. Nawaandikia kuwaomba mzibe pengo hilo mapema, kabla mitambo mikubwa ya sola na betri haijaenea katika nyanda kavu za nchi yetu na mikataba ya miaka 20 au 25 kutiwa saini bila jina la jamii ndani yake.

Kinachofanya ombi hili liwe la haraka ni betri. Kwa miaka mingi umeme wa jua ulikuwa na dosari moja iliyowafanya wapangaji wa gridi wausogeze pembeni: mahitaji ya umeme nchini hufikia kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati jua limekwisha kuzama. Mtambo wa sola usio na betri huleta umeme mchana, saa ambazo mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo vinaweza kutosha, kisha hulala wakati taifa linauhitaji zaidi. Hali hiyo imebadilika. Kwa hesabu za BloombergNEF, betri za lithiamu zilizouzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010 zilishuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024. Huko Kenhardt, katika jimbo la Northern Cape nchini Afrika Kusini, mtambo wenye megawati 540 za paneli na betri za megawati-saa 1,140 ulikamilika mwishoni mwa 2023, na mkataba wake unautaka utoe megawati 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Jambo lililofanyika Kenhardt linawezekana Garissa, Isiolo au Taita Taveta. Nchi inayohangaika na umeme wa jioni haiwezi kulipuuza, wala haifai kulipuuza. Siandiki kupinga mitambo hii. Naandika kwa sababu naitaka, na nataka idumu.

Basi tujiulize itajengwa wapi. Jua kali lisilofunikwa na mawingu na ardhi tambarare isiyobanwa na mashamba viko Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Samburu, Turkana, Tana River, na nyanda kavu za Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Kaunti hizo zote zimo katika orodha ya kaunti 14 ambazo Serikali yenyewe ilizichagua, ilipoanzisha KOSAP, mradi wa kufikisha umeme wa jua nje ya gridi, kwa fedha za Benki ya Dunia mwaka 2017, kwa kuwa ndizo zilizoachwa nyuma zaidi na gridi ya taifa. Uzito wa jambo hili uko hapo hasa. Watu waliokaa gizani muda mrefu kuliko Wakenya wengine ndio watakaoombwa watoe ardhi ili wengine wapate umeme wa uhakika. Ombi hilo linaweza kufanywa kwa heshima na kukubaliwa kwa moyo mweupe. Linaweza pia kufanywa kwa njia tulizokwisha kuzijaribu, na matokeo yake tunayajua.

Mara nyingi ardhi hiyo husemwa kuwa ni tupu. Anayesema hivyo ameipitia msimu mmoja. Malisho yanayoonekana makavu mwezi Februari ndiyo akiba ya mfugaji nyasi zinapokwisha kwingine. Laga inayoonekana kama mchanga mtupu hugeuka mto siku ya mvua, na palipochimbwa visima vya mkono ndipo kina mama wanapochota maji wakati wa kiangazi. Kando ya Mto Tana kuna malka, zile njia za kuteremshia mifugo mtoni zinazopita katikati ya mashamba. Malka ikizibwa kwa uzio, ng'ombe mwenye kiu hawezi kungoja. Atapitishwa katika shamba la mtu, na ugomvi ulioanzia kwenye ramani ya mhandisi utaishia kwenye mazao ya mkulima asiyehusika. Mtambo wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, una megawati 54.6 na paneli 206,272 juu ya hekta 85. Hekta 85 zinaweza kupatikana bila kumwumiza mtu iwapo zitachaguliwa vizuri. Lakini mtambo wa ukubwa wa Kenhardt unadai ardhi mara nyingi zaidi ya hiyo, yote ikiwa imezungushiwa uzio mmoja.

Hapa sola inatofautiana na upepo, na tofauti hiyo lazima ionekane katika sheria. Kipeto, kaunti ya Kajiado, mitambo ya upepo ya megawati 100 imesimama katika ardhi iliyokodiwa kwa wenyewe, na ng'ombe wao wanaendelea kulisha chini ya mapanga yanayozunguka. Paneli za sola haziruhusu hilo. Kondoo wanaweza kuchungwa kati ya safu zake, na zipo nchi zinazofanya hivyo ili majani yasikue yakazifunika. Lakini mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya, na ngamia ni mrefu mno kupita. Kwa mfugaji wa kaskazini mwenye mbuzi na ngamia, ardhi iliyoingia ndani ya uzio wa sola imemtoka mikononi kwa robo karne. Kwa hiyo malipo yake hayawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu aliyepisha nguzo moja ya umeme.

Mpaka sasa tumezoea fidia ya mara moja. Mthamini anakuja, anahesabu miti na maboma, hundi inaandikwa, faili linafungwa. Njia hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba fidia huisha wakati hasara inaendelea. Fedha zilizopokewa leo hununua mifugo, hulipa karo, huezeka nyumba, na baada ya miaka michache zimekwisha, ilhali mtambo unaendelea kuuza umeme kwa miaka 20 zaidi na mtoto aliyezaliwa baada ya hundi kulipwa hana malisho wala fungu. Kasoro ya pili ni ya kisheria. Sehemu kubwa ya ardhi ya jamii bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na hata fidia ikilipwa, kaunti ndiyo huipokea na kuishikilia hadi jamii isajiliwe. Sheria ilikusudia kulinda. Lakini mwekezaji anapofika, anayeketi naye mezani ni kaunti, na mwenye ardhi husikia habari zake redioni.

Kaunti ya Marsabit imetufundisha gharama ya kupita njia hiyo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya jamii enzi za mabaraza ya kaunti ya zamani. Wakazi walifungua kesi mwaka 2014. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilitamka kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe. Fikirini maana yake: mradi mkubwa kuliko yote ya upepo nchini, uliokwisha kujengwa na kuanza kuuza umeme, ukakutwa umesimama juu ya hati ambazo mahakama hiyo ilizikataa. Umeme wenyewe unasafirishwa kwa nyaya za kilovolti 400 kwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Kijiji kilicho chini ya nyaya hizo hakiwezi kuchota umeme wake, kwa sababu nyaya za msongo huo zinahitaji kituo kizima cha kupozea umeme kabla hazijawasha hata taa moja. Ndiyo maana huduma ya umeme kwa majirani lazima ipangwe kwenye michoro ya mwanzo. Baada ya ujenzi, gharama yake huwa kisingizio cha kutoitoa.

Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ni somo la namna nyingine. Mradi wa upepo wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 baada ya maandamano ya wakazi, na hakuna hata panga moja lililozunguka. Mamilioni ya dola yalikwisha kutumika. Hofu nyingi zilizoenea pale kuhusu afya hazikuwa na msingi, lakini uvumi hupata nafasi pale ambapo maelezo hayakutolewa mapema, na pale ambapo jirani wa mradi haoni faida yake mwenyewe. Ukiiweka Kinangop kando ya Marsabit na Kipeto, unaona kwamba jua na upepo viko tele kotekote, na mitambo yenyewe hufanana. Kinachotofautisha mradi unaodumu na mradi unaokwama ni nafasi ya wenye ardhi katika makubaliano.

Wako waliokwisha kutembea njia iliyo bora. Pavagada, katika jimbo la Karnataka nchini India, kuna mtambo wa sola wa megawati 2,050 juu ya ekari zipatazo 13,000. Serikali ya jimbo haikuinunua ardhi hiyo wala kuichukua kwa nguvu ya sheria. Iliikodi kwa wakulima wa vijiji vitano kwa miaka 28, kwa rupia 21,000 kwa ekari kila mwaka, na kiasi hicho hupanda kwa asilimia 5 kila baada ya miaka miwili. Mkulima amebaki mwenye ardhi, na mapato yake hayategemei tena mvua iliyokuwa ikimhini. Pavagada pia imeonyesha upungufu ambao hatuna budi kuukwepa: vibarua wasio na ardhi, waliokuwa wakiishi kwa kulima mashamba ya wengine, walipoteza kazi na hawakupata kodi yoyote, kwa kuwa mkataba ulimtambua mwenye hati peke yake. Kwetu, ambako ardhi ya jamii ni ya wote, tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi, mradi tu mkataba umtambue kila mwanajamii, mwanamke kwa mwanamume, na siyo wazee wachache waliotia saini.

Kutokana na hayo, naomba kamati zenu zilete marekebisho ya Sheria ya Nishati yenye mambo manne yanayotegemeana. La kwanza, mtambo mkubwa wa sola usipewe leseni juu ya ardhi ya jamii kabla ardhi hiyo haijasajiliwa, na kabla mkutano wa jamii haujaukubali mkataba kwa theluthi mbili ya watu wazima, kama Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinavyotaka. La pili, ardhi ikodishwe na isichukuliwe, kodi ilipwe kila mwaka na iwe na nyongeza iliyoandikwa. La tatu, jua nalo lipewe mrabaha: asilimia 5 ya mauzo ya umeme iende kwa jamii, ihesabiwe pale kwenye mita. La nne, michoro ya kila mtambo iwe na transfoma na laini za kuwafikishia umeme majirani, zikamilike pamoja na mtambo wenyewe. Nimesema mauzo, wala sikusema faida, kwa sababu. Mpango wa Afrika Kusini wa kununua umeme kutoka kwa kampuni binafsi, ulioanza mwaka 2011, uliwataka wawekezaji wazipe jamii zilizo ndani ya kilomita 50 angalau asilimia 2.5 ya hisa. Nia ilikuwa njema, lakini hisa nyingi zilinunuliwa kwa mikopo, na gawio likaenda kwanza kulipa deni, jamii ikangoja miaka. Faida inaweza kupunguzwa na mhasibu hodari. Umeme uliopita kwenye mita haufichiki.

Betri zenyewe zinadai kifungu chao, na hapa ni haki majirani waambiwe ukweli wote. Paneli za sola hazitoi mionzi ya kudhuru, na anayewatisha watu kwa hilo anawapotosha. Lakini betri za lithiamu zinaweza kuwaka moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Mwezi Aprili 2019 wazimamoto walijeruhiwa vibaya katika jimbo la Arizona, Marekani, gesi iliyojikusanya ndani ya chumba cha betri ilipolipuka baada ya mlango kufunguliwa. Mwezi Januari 2025 kituo cha betri cha Moss Landing, California, kiliungua, na watu zaidi ya elfu moja wakaambiwa wahame makwao. Kituo hicho kilikuwa na betri zilizorundikwa ndani ya jengo moja la zamani, za aina yenye nikeli na kobalti. Mitambo mipya mingi hutumia aina yenye chuma na fosfeti, isiyo nyepesi kushika moto, na huziweka ndani ya makontena yaliyoachana, ili moja likiungua mengine yabaki. Hayo yawe masharti ya leseni, pamoja na vipima gesi, umbali maalumu kutoka makazi na visima, na mpango wa kuwahamisha watu ulioandikwa kwa lugha wanayoielewa.

Tena kumbukeni kwamba Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuzima moto. Betri ya mwekezaji ikiwaka saa nane za usiku, atakayeitwa ni zimamoto wa kaunti, ambaye pengine hajawahi kuliona kontena la betri wala hajui kwamba mlango wake haufunguliwi ovyo. Mwekezaji agharimie mafunzo na vifaa vya kikosi hicho kabla betri ya kwanza haijachajiwa. Na kwa kuwa betri huchakaa mapema kuliko paneli, ziwekwe fedha za dhamana tangu mwanzo za kuziondoa na kuirudisha ardhi katika hali yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imekwisha kuweka msingi kwamba anayeleta bidhaa sokoni anawajibika hadi mwisho wake. Kilichobaki ni kuuandika msingi huo ndani ya leseni, kwa sababu kampuni inaweza kuuzwa mara tatu katika miaka 25, na atakayekuwapo siku ya mwisho huenda asijue ahadi za siku ya kwanza.

Pingamizi la kwanza nitakalojibiwa nalo ni bei. Mtasema mwananchi amechoshwa na bili ya umeme na mrabaha utamwongezea mzigo. Tupige hesabu. Garissa ilikadiriwa kuzalisha takribani megawati-saa 76,000 kwa mwaka. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila uniti, yaani kilowati-saa moja, inanunuliwa kwa shilingi 8. Mauzo ni shilingi milioni 608, na asilimia 5 yake ni shilingi milioni 30 na ushei. Fedha hizo, katika kaunti kavu, zinaweza kuchimba visima, kulipa karo za sekondari na kuendesha zahanati kila mwaka. Sasa zigawanyeni kwa umeme wote unaozalishwa nchini, unaozidi uniti bilioni 13 kwa mwaka: kila uniti inaongezeka kwa chini ya robo ya senti moja. Hata ikijengwa mitambo kumi ya ukubwa huo, nyongeza haifiki senti tatu. Familia inayonunua tokeni ya uniti 30 kwa mwezi haitalipa hata shilingi moja zaidi. Kinachoipandisha bili ni mikataba mibovu, mitambo inayolipwa bila kuzalisha, na umeme unaopotea njiani. Mgao wa jamii si mahali pa kuanzia kubana matumizi.

Pingamizi la pili ni muda: kwamba nchi inahitaji umeme sasa, na kusajili ardhi na kuitisha mikutano kutachukua miaka. Ni kweli kazi hiyo ina muda wake. Lakini kesi ya Marsabit ilichukua miaka saba hadi hukumu, na Kinangop haikuwaka kabisa. Mtambo wa sola hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili tu. Kinachoula muda ni ardhi, fedha na nyaya. Mkopeshaji akiona hati safi na makubaliano ya jamii yaliyosajiliwa, hutoa fedha kwa riba nafuu, kwa sababu anachokiogopa kuliko mrabaha ni mahakama. Wizara ya Ardhi na kaunti zikipewa bajeti ya kusajili kwanza jamii zilizo katika maeneo yanayofaa kwa sola, kazi hiyo itakuwa imekamilika wawekezaji wanapobisha hodi. Anayehofia kwamba wawekezaji watakimbilia kwa jirani aiangalie Afrika Kusini, ambako sharti la hisa za jamii halikuzuia maelfu ya megawati kujengwa.

Pingamizi la tatu lina uzito wa haki ndani yake, na linastahili jibu la haki. Jua ni la Wakenya wote, husemwa, na halichimbwi likaisha kama dhahabu. Kwa nini wanaokaa karibu na paneli wapewe zaidi? Jibu ni kwamba hawaombi jua lote. Asilimia 95 ya mauzo inabaki kwa mwekezaji na taifa, na umeme unawafikia wote. Fungu la jamii linatokana na mzigo ambao haugawanywi kwa wote: uzio umepita katika malisho yao, hatari ya moto iko karibu na nyumba zao, maji ya kuosha vumbi kwenye paneli yanatoka katika visima vyao. Mvuke wa ardhini nao hujirudia, na bado Bunge lilikubali mwaka 2019 kwamba jamii inayouzunguka ina fungu. Sijaona hoja inayomstahilisha jirani wa kisima cha mvuke na kumnyima jirani wa paneli.

La mwisho ni hofu kwamba fedha zitaliwa na wachache. Hofu hii inatoka kwa wanajamii wenyewe, na wameipata kwa kuona. Dawa yake haiwezi kuwa kuwanyima fedha wote ili wachache wasiibe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndilo ninaloomba liandikwe katika sheria. Kamati za usimamizi wa ardhi ya jamii, zenye watu kati ya 7 na 15 waliochaguliwa na mkutano, zipo tayari kisheria. Kila robo mwaka kampuni itangaze uniti zilizopita kwenye mita na fedha zilizolipwa. Kamati isome hesabu hiyo hadharani katika baraza. Sehemu ya mgao iende moja kwa moja kwa kila mwanajamii mtu mzima kwa simu yake, na sehemu iliyobaki iende kwenye miradi iliyopigiwa kura. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apewe mamlaka ya kuzikagua. Nchi iliyozoea kutuma fedha kwa simu hadi manyattani haiwezi kusema haina njia ya kumfikishia mfugaji haki yake.

Waheshimiwa, Muswada wa Kugawana Manufaa ya Rasilimali Asilia umeletwa Bungeni zaidi ya mara moja tangu mwaka 2014, na kila kuchelewa kuna bei yake, kwa sababu mkataba unaosainiwa leo hautaguswa kwa urahisi na sheria ya kesho. Msisubiri muswada mkubwa wa kila kitu. Kifungu kimoja katika Sheria ya Nishati, kilichoandikwa kwa mfano wa kile cha mvuke, kinatosha kuanza, na kikao kimoja cha kamati katika kila kaunti kati ya zile 14 kinatosha kusikia yale ambayo jamii zitaongeza. Nendeni kwao kabla ya wawekezaji. Wakulima na wafugaji wa nyanda kavu wameingoja gridi tangu nchi ipate uhuru; wakiombwa ardhi ili kuilisha, waombwe wakiwa wabia, na sheria iseme hivyo kabla leseni inayofuata haijatolewa.

Wenu mwaminifu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi na mlipaji wa bili ya umeme